Kompaila Nazo Hutahiniwa

Mjadala kuhusu mitihani haujapata kupoa nchini Kenya. Mtihani wa KCPE, uliofanywa kuanzia mwaka wa 1985 hadi 2023, uliondoka ukiandamwa na lawama kwamba ulimfanya mwalimu afundishe kupita badala ya kufundisha kujua. Hata baada ya kuzikwa kwake, wazazi na walimu bado wanaulizana iwapo tathmini zilizochukua nafasi yake zitaepukana na maradhi yale yale. Katika mjadala huo wote sijasikia shahidi mmoja akiitwa, naye ni shahidi asiye na upendeleo kwa kuwa hana moyo, hana mzazi na hana shule anayoitafutia sifa. Shahidi huyo ni kompaila.

Kompaila ni programu ambayo kazi yake ni kufasiri. Mwanaprogramu huandika maagizo kwa lugha iliyobuniwa na binadamu, mathalani COBOL, Pascal au C, ilhali tarakilishi yenyewe haifahamu chochote isipokuwa safu za sifuri na moja. Kompaila husimama kati ya wawili hao, ikayasoma maagizo ya mwanaprogramu, ikayapima kama yamefuata sarufi, kisha ikayageuza kuwa kitu ambacho mashine inaweza kukitenda. Sarufi yenyewe huandikwa katika hati iitwayo kiwango sanifu. Na hati hiyo, mpenzi msomaji, haikuandikwa kwa sifuri na moja. Imeandikwa kwa lugha ya binadamu, aghalabu Kiingereza, pamoja na utata wote ambao lugha ya binadamu haiwezi kuukwepa. Hapo ndipo mwanaisimu anapopata haki ya kutia neno lake.

Chukua kifungu kimoja cha hati hiyo, uwape mafundi wawili wenye akili timamu na nia njema, kila mmoja akaunde kompaila yake mbali na mwenzake. Watarudi na lugha mbili. Hazitatofautiana sana, pengine zitatofautiana kama Kimvita na Kiamu. Lakini tarakilishi haina ule ukarimu alio nao msikilizaji wa Lamu anapozungumza na mtu wa Mombasa. Tofauti ndogo katika maana ya neno moja yatosha kuiharibu hesabu ya mishahara ya wizara nzima.

Waasisi wa COBOL waliliona jambo hili mapema. Lugha hiyo ilianza kushughulikiwa katika mkutano uliofanyika Pentagon, makao ya Wizara ya Ulinzi ya Marekani, mwezi wa Mei 1959, nia ikiwa kupata lugha moja ya kazi za ofisi itakayoeleweka na mashine za makampuni mbalimbali. Mnamo Desemba 1960 programu zile zile za COBOL zilijaribiwa kwenye mashine mbili za makampuni hasimu, UNIVAC II ya Remington Rand na RCA 501, zikafanya kazi katika zote mbili baada ya kurekebishwa kidogo tu. Ilikuwa siku ya furaha. Hata hivyo, miaka iliyofuata kila kampuni iliongeza lake na kupunguza lake, kila moja ikidai kuwa COBOL yake ndiyo COBOL. Mnunuzi aliyezoea lahaja ya kampuni moja alijikuta mateka: akitaka kuhama, sharti aandike upya programu zake zote. Si vigumu kuona ni nani aliyefaidika na utekwa huo.

Aliyetumwa kuukata mnyororo huo ni Grace Hopper, mwanahisabati na afisa wa Jeshi la Wanamaji la Marekani. Alistaafu mwishoni mwa 1966, lakini mwaka wa 1967 jeshi lilimrudisha kazini kwa kuwa lilikuwa limechoshwa na utitiri wa lahaja katika ofisi zake. Hopper na wenzake hawakutosheka na kuwahubiria watengenezaji umuhimu wa umoja. Waliunda mkusanyiko wa programu za majaribio, kila moja ikichunguza kipengele fulani cha kiwango sanifu, na kompaila iliyoletwa sokoni ikatakiwa izitende zote na kutoa majibu sahihi. Katika miaka ya 1970 serikali ya Marekani ilifanya ukaguzi wa namna hiyo kuwa sehemu ya masharti ya ununuzi wake. Mtengenezaji aliyekuwa akibishana kuhusu tafsiri ya kifungu alipata ghafla sababu nzuri ya kuacha ubishi, maana mteja mkubwa kuliko wote alikuwa amesimama mlangoni akiwa na karatasi ya maksi mkononi.

Naomba tutue hapa kidogo, kwa sababu tukio hilo lina jambo ambalo huwapita wengi. Kabla ya majaribio ya Hopper, COBOL ilikuwa ile iliyoandikwa kitabuni. Baada yake, kwa mtu aliyeunda kompaila, COBOL ikawa ile iliyoulizwa mtihanini. Kifungu ambacho hakikuwa na jaribio kilibaki kama shairi zuri ambalo halimo katika silabasi: kila mtu hulisifu na hakuna alisomaye.

Upimaji wenyewe si kazi nyepesi kwa mtahini. Mwaka wa 1964 Donald Knuth, ambaye baadaye alikuwa mmoja wa wataalamu mashuhuri zaidi wa sayansi ya tarakilishi, alichapisha programu fupi mno ya ALGOL 60 iliyokusudiwa kutenganisha kompaila zilizo wanaume na zile zilizo wavulana. Ndani yake mna utaratibu unaojiita wenyewe tena na tena, na kila unapojiita sharti ukumbuke mazingira uliyozaliwa ndani yake, mithili ya mjukuu anayetakiwa kujua ni babu yupi hasa, miongoni mwa babu wengi wenye jina moja, anayetajwa katika hadithi. Kompaila nyingi za wakati huo zilipotea njia humo. Linalonichekesha ni kwamba Knuth mwenyewe, akiifanya hesabu hiyo bila mashine, alikisia kwamba jibu lingekuwa hasi 121. Jibu sahihi ni hasi 67. Mtahini alikuwa ametunga swali zuri kuliko mwongozo wake wa kusahihishia, na ni kompaila zilizolifaulu swali ndizo zilizomfunza jibu.

Lakini anayetaka kuuona mtihani wa kompaila katika ukubwa wake wote, na hasara zake zote, hana budi kuitazama Ada. Katikati ya miaka ya 1970 Wizara ya Ulinzi ya Marekani iligundua kwamba mifumo yake ya silaha, ndege na mawasiliano ilikuwa imeandikwa kwa mamia ya lugha na lahaja. Ikaamua kuunda lugha moja. Lugha hiyo ikaitwa Ada, kwa heshima ya Augusta Ada, binti ya mshairi Byron, na nambari ya kiwango chake cha kijeshi, 1815, ikawa ni ule mwaka aliozaliwa. Kiwango kilipoidhinishwa mapema mwaka wa 1983, mtihani wake ulikuwa umekwisha kutayarishwa. John Goodenough na wenzake katika kampuni ya SofTech walikuwa wameipitia rasimu aya kwa aya, wakijiuliza swali ambalo kila mtunga mitihani angepaswa kulibandika ukutani: sentensi hii inamtaka mtu afanye nini hasa, na nitajuaje kwamba amekifanya?

Swali hilo lilizaa matunda ambayo hayakutarajiwa. Kila walipotaka kuandika jaribio na kushindwa kuamua jibu sahihi ni lipi, waligundua kwamba kosa halikuwa lao wala la kompaila. Lilikuwa la hati. Kiwango sanifu kilikuwa kimenyamaza mahali kilipopaswa kusema, au kimesema mambo mawili yanayopingana kurasa mia moja mbali. Hivyo mtihani ukageuka kuwa mkaguzi wa silabasi. Na hata baada ya kutumika, mtengenezaji aliyeona ameonewa aliruhusiwa kukata rufaa. Wataalamu walikaa, wakaisoma hati, na mara nyingine wakakubali kwamba mwanafunzi alikuwa sahihi na swali ndilo lililokosea. Toleo la mtihani lililotumika mwanzoni mwa miaka ya 1990 lilikuwa na majaribio zaidi ya 4,000, na makumi ya majaribio hayo yalifutwa kwa njia hiyo. Orodha ya yaliyofutwa ilichapishwa waziwazi katika kila ripoti. Sijui ni baraza gani la mitihani, hapa kwetu au ng'ambo, lenye ujasiri wa kuchapisha kila mwaka orodha ya maswali yake yaliyokuwa mabovu.

Sehemu nyingine ya mtihani wa Ada inayonivutia kama mwanaisimu ni yale majaribio yaliyowekwa katika kundi la B. Hayo yalikuwa programu zenye makosa ya makusudi. Kompaila haikutakiwa kuzitenda. Ilitakiwa izikatae, tena ionyeshe kila kosa lilipo. Tafakari jambo hili kwa mfano wa lugha yetu. Mtu anayekubali sentensi "kitabu kimeanguka" hajathibitisha kwamba anajua Kiswahili. Huenda anakubali kila anachoambiwa. Mpe "kitabu limeanguka", umtazame uso. Akikunja kipaji, huyo ana sarufi ya Kiswahili kichwani mwake. Wanaisimu tangu Chomsky wamekuwa wakitegemea hukumu za namna hiyo ili kuichimbua sarufi iliyofichika, nao watahini wa kompaila walifika pale pale kwa njia yao wenyewe. Hata kabla ya Ada kukamilika, Arthur Sale wa Chuo Kikuu cha Tasmania na Brian Wichmann wa Uingereza walikuwa wameweka katika mtihani wao wa Pascal kundi zima la majaribio ya ukengeufu, pamoja na kundi la kupima ubora: ujumbe wa makosa unaeleweka? kompaila inavumilia programu ndefu? Kompaila ikubaliyo kila kitu humpendeza mwanafunzi siku ya kwanza. Humwangamiza siku anapoipeleka programu yake kwenye mashine nyingine.

Wizara ya Ulinzi haikuuachia mtihani wa Ada ufanye kazi bila rungu. Ililisajili jina Ada kuwa alama yake ya biashara, na kompaila isiyofaulu haikuruhusiwa kulitumia. Hakuna aliyeruhusiwa kuitoa lugha pungufu wala kuitoa na nyongeza zake, akaendelea kuiita Ada. Cheti chenyewe kilihusu mashine maalumu na mfumo maalumu, nacho kilikuwa na tarehe ya kuisha. Alama hiyo ya biashara iliachwa mwaka wa 1987, lakini cheti kiliendelea kudaiwa, na mwaka wa 1991 sheria ya Marekani iliongeza nguvu ya agizo la kutumia Ada katika kazi za wizara hiyo.

Je, kompaila zikawa bora? Hapa ndipo shahidi wetu anapoanza kutoa ushahidi usiopendeza. Ya kwanza kabisa kufaulu, mnamo Aprili 1983, ilikuwa Ada/Ed ya Chuo Kikuu cha New York. Ilikuwa imeandikwa ili kuieleza maana ya lugha na kuifundishia, nayo ilikuwa nzito kupita kiasi. Hakuna ambaye angeithubutu katika kazi halisi. Hata hivyo ilifaulu, na kwa haki, kwa sababu mtihani uliuliza usahihi na haukuuliza kasi. Nyingine zilizofuata, zilizotengenezwa kuuzwa, zilikuja sokoni na cheti mkononi huku zikitoa programu nene zinazojikokota. Mtengenezaji mwenye mafundi wachache na tarehe ya mtihani mbele yake aliwaweka mafundi hao wakimbizane na majaribio yaliyosalia. Kasi, ujumbe wa makosa na zana za kumsaidia mwanaprogramu zilisubiri. Ada ikapata sifa ya kuwa lugha nzito, sifa ambayo haikuistahili. Mwaka wa 1997 agizo la kuilazimisha likaondolewa.

Linganisha na yaliyotokea kwa Pascal. Mwaka uo huo wa 1983 kampuni ya Borland ilitoa Turbo Pascal, kwa bei isiyofika dola 50. Haikufuata kiwango cha kimataifa cha Pascal katika mambo kadhaa. Taratibu za kusoma mafaili zilizomo kitabuni hazikuwamo, na mengine yasiyomo kitabuni yaliongezwa. Lakini ilikuwa nyepesi, ya haraka ajabu, na ilimwonyesha mwanafunzi kosa lake pale pale alipolifanya. Soko halikuomba cheti. Kwa kizazi kizima cha wanafunzi duniani, Pascal ilikuwa ni Turbo Pascal, na kitabu cha kiwango kikabaki kwenye rafu.

Wako watakaochukua mfano huo na kusema, basi mitihani na ife. La hasha. Programu za COBOL za miaka mingi iliyopita zingali zinaendesha mabenki hadi leo, zikiwa zimehamishwa kutoka mashine hadi mashine, na kuhama huko kusingaliwezekana pasipo kiwango kilicholindwa kwa majaribio. Nayo Ada, iliyokejeliwa, ingali inatumika katika ndege na treni, mahali ambapo mtu hataki kusikia habari za lahaja. Mtihani wake ungalipo pia, umepewa jina jipya la ACATS, na tangu mwaka wa 1999 taratibu zake zimewekwa katika kiwango cha kimataifa. Ninachokipinga mimi ni ile imani kwamba aliyefaulu amemaliza.

Ushahidi wa hilo uliletwa mwaka wa 2011 na watafiti wa Chuo Kikuu cha Utah. Waliunda chombo kiitwacho Csmith, ambacho hutunga programu za lugha ya C kwa bahati nasibu, programu ambazo hakuna mtahini mwenye akili za kawaida angezitunga. Programu moja walizipa kompaila kadhaa. Zikitofautiana katika jibu, basi angalau moja ilikuwa imekosea. Kwa miaka mitatu waliripoti makosa zaidi ya 325 ambayo hayakuwa yakijulikana. Kila kompaila waliyoijaribu, hata zile zinazotegemewa na dunia nzima, iliwahi kuzimika njiani, na pia iliwahi kutoa jibu la uongo kimyakimya. Hizo ni kompaila zilizokuwa zimepita majaribio kwa maelfu. Moja tu ilisimama kando kwa kiasi fulani: CompCert, iliyotengenezwa Ufaransa chini ya Xavier Leroy, ambayo sehemu zake kuu zimethibitishwa kwa hoja za hisabati. Katika sehemu hizo zilizothibitishwa hawakupata kosa la kufasiri. Yaliyopatikana yalikuwa katika sehemu ambazo uthibitisho haukuwa umezifikia. Maswali yanayojulikana huzaa majibu yaliyokaririwa, hata kwa mtahiniwa asiye na ubongo.

Limebaki suala ambalo mimi naliona kuwa zito kuliko yote, nalo ni la umiliki. Mwaka wa 1997 kampuni ya Sun iliishtaki Microsoft huko California, ikidai kuwa Java iliyosambazwa na Microsoft haikufaulu majaribio ya ulinganifu na kwa hiyo haikustahili nembo. Machi 1998 mahakama iliizuia Microsoft kuitumia nembo hiyo kwa muda, na Januari 2001 kesi ikamalizwa kwa mapatano na malipo ya dola milioni 20. Wengi tuliisoma habari hiyo kama ushindi wa umoja wa lugha dhidi ya mbabe. Miaka michache baadaye upande wa pili wa sarafu ukaonekana. Taasisi ya Apache, inayojulikana kwa kutoa programu bure, iliandika Java yake iitwayo Harmony. Kiwango cha Java kilikuwa wazi kwa kila asomaye. Mtihani haukuwa wazi. Ili kuruhusiwa kuufanya ilibidi kukubali masharti ya leseni, na masharti hayo yalizuia mahali ambapo programu hiyo ingetumika. Aprili 2007 Apache iliilalamikia Sun kwa barua ya wazi. Desemba 2010, Sun ikiwa imekwisha kununuliwa na Oracle, ilijiuzulu katika kamati iliyosimamia Java. Na mwaka wa 2011 Harmony ikafungwa. Haikufeli mtihani. Ilinyimwa chumba cha kuufanyia kwa masharti ambayo ingeweza kuyakubali.

Sisi wa Kiswahili hatupaswi kulishangaa jambo hilo. Baada ya mkutano wa Mombasa wa mwaka wa 1928 kukichagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, Kamati ya Lugha iliyoanza kazi mwaka wa 1930 ilikuwa ikitoa ithibati kwa vitabu vilivyokusudiwa shule. Wasemaji wa Kimvita, wenye karne za ushairi nyuma yao, walijikuta wakipimwa kwa rula ambayo hawakuishika wao. Sisemi kuwa usanifishaji ulikuwa kosa. Bila huo nisingekuwa nikiwaandikia walimu wa Turkana na wa Kwale makala moja. Nasema kwamba sarufi ilikuwa kitabuni na kila mtu angeweza kuinunua, ilhali muhuri ulikuwa mezani mwa watu wachache.

Lugha ya JavaScript, inayoendesha kurasa za intaneti, imechukua njia tofauti. Mtihani wake, Test262, una makumi ya maelfu ya majaribio na uko wazi kwa yeyote. Tena kamati inayoisimamia lugha hiyo haikiingizi kipengele kipya katika kiwango mpaka kiwe na majaribio yake humo, na kompaila mbili tofauti ziwe zimekwisha kuyafaulu. Mwanafunzi wa Maseno au wa Pwani mwenye tarakilishi na intaneti anaweza kuupakua leo, akazitahini kompaila za makampuni tajiri kuliko nchi kadhaa zikijumlishwa. Akiona pengo, anaweza kuandika jaribio lake na kulipeleka, na likikubaliwa litawekwa pamoja na mengine, nazo kompaila hizo zitapimwa kwalo.